Chumvi ya Pofu Tisa

Kamina, tarehe 4 mwezi wa tano 1999

Kwa Mama Saumu, mutoto ya Assumani, muuza-chumvi mukubwa wa Luena,

Jambo kwako na kwa bwana yako Ismaeli mwenye visu. Minyi niko muzima. Meno imebakia ine, zote upande moja, mais ulimi haijapoteza hata kipande. Baba yako angekuwa hai angekuambia: ulimi ya Kitwa njo ilimufukuzisha ku masomo mwaka wa tatu. Kwa hiyo usichekelee mwandiko yangu.

Niko nakuandikia na hasira. Soma umekaa ama umesimama, vile unataka, mais soma yote.

Unajua pofu yangu tisa. Siku baba yako alikuletaka hapa, ungali kasichana, ulikimbia ukisema ni ng'ombe ya shetani, ju ya pembe zimesokotwa kama kamba na ile ngozi inaning'inia chini ya shingo. Njo zile, na batoto bazo. Wazungu ba ferme, shamba ya mifugo, balizitoa mu pori zingali ndogo. Wazungu bakaenda zao, serikali ikakuya, serikali ikaenda zake, Kitwa akabaki. Miaka makumi mbili na tatu naziangalia. Nazikamua maziwa, na bamama ba basoda banatoka ku base ya jeshi na makopo yao kuomba, ju maziwa ya pofu haigande upesi. Dume mukubwa namuita Monseigneur, ju ya ile shingo. Jike mukubwa namuita Madame, ju hatake kuguswa na muntu hajamusalimia.

Sasa wakubwa ba base banasema vita inakaribia Kabongo, pofu zisibakie hapa adui akazikula. Ati zipakiwe mu train, ziende Lubumbashi, zawadi ya ferme ya mukubwa fulani. Adui! Adui hajaonja hata mukia hapa. Basoda betu njo bamemaliza mbuzi zote za kartie, mutaa nzima, na mbwa ya katekista juu yake.

Balituma lieutenant moja, jina Malachie, muntu wa miwani, anaandika kila kitu hata chafya. Akaniuliza: «Muzee, pofu inapakiwa namna gani?» Aliniuliza kwa heshima, na minyi heshima inanilewesha kuliko lutuku. Nikamuambia ukweli. Pofu haikimbizwe. Ukiikimbiza haikufe leo. Itasimama, itakutazama, utasema imepona. Kesho kutwa miguu inakauka kama mbao, inakojoa mukojo mweusi kama kahawa, inalala, imekwisha. Nyama yake inaiva ndani na yenyewe ingali hai. Uliza muwindaji yeyote wa Kiluba.

Kwa hiyo unatengeneza sanduku ya mbao, moja-moja. Unaziacha ndani ya lupango, boma ya pofu, mulango wazi. Unatia chumvi ndani. Siku ya kwanza inanusa. Siku ya tano inaingiza kichwa. Siku ya kumi inaingia na matako. Siku makumi mbili na moja inalala mule kama ni kwa mama yake. Njo unafunga mulango polepole, na yenyewe haijue kama imeanza safari.

Aliandika yote. Akanipa siku makumi mbili na moja. Masanduku bamezipigilia na mbao za makasha ya risasi. Chumvi njo haiko, Kamina nzima. Nitumie magunia mbili, chumvi ya mawe, kwa mukono ya Likoke wa train, ule mubeba barua.

Kama shauri ingekuwa yangu, ningemulambisha chumvi colonel ya base siku makumi mbili na moja, nikafunga.

Mutunza Monseigneur na Madame,
Kitwa


Luena, 13 Mei 1999

Baba Kitwa,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako nilimsomea Ismaeli, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaisoma tena peke yangu na sikucheka.

Magunia mawili nimemkabidhi Likoke asubuhi hii, mkononi mwake. Nimeyashona kwa uzi mwekundu na kuandika S.A. kwa makaa, asije akasema yamechanganyika na ya watu. Ni chumvi yangu ya mwisho mpaka njia ifunguke. Jirani yangu aliomba kikombe kimoja cha chumvi ya mboga, nikamnyima kwa ajili ya ng'ombe wako wa shetani.

Sasa nisikilize, nawe si mzoefu wa kusikiliza. Najua hutaki waende. Waache waende. Hapo Kamina wataliwa, hilo wewe mwenyewe umeliandika. Huko Lubumbashi kuna labda. Wakati wa vita labda ni mali kubwa. Baba yangu alipokimbia Kabalo aliacha duka zima akabeba mizani tu. Alilia njia nzima, na sisi watoto wake tukaishi.

Ukipokea, niandikie neno moja: imefika.

Mwanao,
Saumu Assumani


Base ya Kamina, 24 Mei 1999
Huduma ya Logistique

Kwa Mzee Kitwa, mlinzi wa wanyama

Mzee,

Nilipita jana. Masanduku tisa yako wazi na hayana chumvi. Ndani ya moja majani yameanza kuota. Siku ishirini zimepita kati ya ishirini na moja ulizoomba. Mbele ya mkubwa wangu nilisema: Mzee huyu anajua kazi yake, apewe muda. Neno hilo nililisema mimi.

Naomba jibu kwa maandishi: kwa nini kazi haijaanza?

Sous-lieutenant Malachie


Kamina, tarehe 25 mwezi wa tano

Mon lieutenant,

Tunaonana kila siku ku barrière, mulango ya base, na unaweza kuniuliza na kinywa, mais unapenda karatasi, basi kula karatasi.

Chumvi haijafika. Nimepiga mustari chini, unaona? Chumvi haijafika. Train inalala njiani kama mulevi, na vita imekula kila kintu kiko na ladha. Siku chumvi itafika njo siku ya kwanza. Kutoka pale nitahesabu makumi mbili na moja, hata mukubwa yako apige meza mpaka ivunjike.

Tena muguu yangu ya kushoto imevimba. Iko kama papai. Nimeifunga na kitambaa, kusimama siwezi. Usinitumie munganga wa base. Mwaka jana alimutoa muntu jino, akatoa ile iko nzima, halafu akamuomba asante.

Hapa hakuna anayekataa amri. Monseigneur anakusalimia, anauliza kama Lubumbashi kuko bamasista.

Kitwa wa muguu moja


Luena, 2 Juni 1999

Baba Kitwa,

Wiki tatu na hakuna neno. Likoke anaapa kwamba alikupa magunia mkononi, mlangoni kwako, na wewe ukamwambia asante. Basi kwa nini huandiki? Train imepita mara mbili na mfuko wake wa barua ulikuwa mtupu.

Jana nilishindwa kujizuia. Nilimwita mwizi pale gare, mbele ya abiria, mbele ya mke wake aliyekuwa amemletea chakula. Alifunika sahani yake akapanda train bila kula.

Niambie kama nimefanya haki.

Saumu


Base ya Kamina, 6 Juni 1999

Mzee,

Wagon imefika. Itaondoka tarehe 8, na baada ya hapo hakuna nyingine. Locomotive zote zinachukuliwa na vita. Amri ni kupakia kwa njia yoyote. Nimeomba siku zaidi, nimekataliwa mbele ya watu.

Kwa kuwa mguu wako unauma, baki nyumbani. Tutapakia wenyewe.

Malachie


Kamina, tarehe 9 mwezi wa sita

Saumu,

Leo hakuna jambo, hakuna mutoto ya nani. Hasira tu.

Jana, saa sita ya muchana, jua katikati ya kichwa, balikuya. Jeep mbili, camion moja, basoda makumi tatu na kamba. Na fanfare! Unasikia? Fanfare ya base, na trompette na ngoma kubwa, ju ni zawadi, na zawadi ya mukubwa haitoke kimya kama jeneza ya masikini. Bamama balipanga mustari kando ya njia na vitenge vyao vya sikukuu, bakapiga vigelegele. Bale bamama njo banakunywaka maziwa yangu! Balifikiri banaziheshimu. Hakuna hata moja alijua iko anaziua na kinywa.

Jeep zikaingia mu lupango, klaxon inalia, basoda juu banapiga mabati. Pofu zikakimbia waya mpaka waya. Saa nzima! Pofu ni nyama ya kutembea, Saumu, haiko ya kukimbia. Ikitembea polepole magoti yake inalia tak, tak, kama muntu anavunja vijiti, njo namna nazijua mu giza bila kuziona. Jana tak haikusikika. Kulikuwa vumbi na povu ya kinywa tu. Ile jike kijana, Kapita, alirukia waya, shingo ikavunjika pale-pale, na trompette haikunyamaza hata kwa kupumua. Nane zilizobaki balizikokota na kamba ya shingo, moja juu ya ingine, mu wagon ya chuma. Yale masanduku balizipasua kuni.

Minyi nilikuwa nimelala na muguu imevimba. Nilikimbia mpaka ku waya nikapiga makelele, nikamuita colonel jina siwezi kukuandikia weye Muislamu. Soda moja akanisukuma na bunduki, ati: «Babu, rudi ukafe kwako.»

Nimemutuma shemeji yangu André apande nazo, yule ndugu mudogo ya marehemu muke yangu, ju minyi balinikataza. Wagon inatoka leo usiku na hii barua, itapita Luena. Nakuomba, na sikuombaka muntu tangu baba yako alikufa: peleka mayi mingi. Loanisha magunia, tupa juu ya paa ya wagon. Muntu asipige kelele. Iliyolala isivutwe. Angalia mukojo, kama iko mweusi, ile imekwisha kuenda, hata kama ingali imesimama inakutazama.

André iko na gunia ya chumvi ya kuzituliza. Usiniulize sasa.

Kitwa


Luena, 14 Juni 1999

Baba Kitwa,

Train ilifika tarehe 10, alasiri. Mbili zilikuwa zimekwisha kufa na zile nyingine zimesimama juu yake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kusimama pengine. Nilileta maji, wanawake wa sokoni wakanisaidia, tukaloanisha magunia kama ulivyosema. Mkojo ulikuwa mweusi. Siku ya pili zikafa mbili. Monseigneur alikufa tarehe 12. Nilimjua kwa shingo. Alisimama siku nzima ametulia, mpaka nikasema huyu amepona, kisha akapiga magoti kama mtu anayetaka kusali na hakuinuka tena. Zimebaki tatu. Madame yu hai.

Locomotive ilichukuliwa, wagon imeachwa hapa. Askari walitaka kula. Ismaeli alipasua paja la Monseigneur mbele yao: nyama nyeusi na kavu, na mistari myeupe ndani kama samaki aliyechemshwa. Akawaambia hiyo ni nyamafu, hailiwi. Hapo sergent mmoja akasema: basi ni sumu. Wakatafuta. Wakaona wanyama wamelamba chumvi. Wakatoa gunia: uzi mwekundu, S.A.

Yule lieutenant wa miwani amesafiri pamoja nao. Akafungua mfuko wake, akatoa barua yako, akaisoma mbele ya watu wote. Chumvi haijafika. Na mstari chini. Akamuuliza André: «Kama chumvi haikufika, hii ni ya nani?» André akasema: «Ni ya shemeji.» Akapigwa. Sasa amefungwa ndani ya wagon tupu nyuma ya gare, mchana ni tanuri. Wanasema aliyetia sumu mali ya jeshi wakati wa vita ni adui. Tarehe 22 wanampeleka Likasi mbele ya mahakama ya kijeshi, na wewe unajua wangapi wanarudi. Duka langu wamelifunga, mlango umepigiliwa misumari. Wanangu hawatoki nje. Watu wanasema mama yao ni mpika sumu.

Lieutenant alisoma pia ripoti yake mwenyewe. Imeandikwa: kupakia kulifanyika kwa utulivu.

Baba Kitwa, mguu uliovimba hauwezi kukimbia mpaka kwenye waya. Na mimi nilimtukana mtu mbele ya mke wake.

Chumvi ilifika lini?

Saumu


Kamina, tarehe 17 mwezi wa sita

Kwa sous-lieutenant Malachie, ku gare ya Luena

Mon lieutenant,

Muguu yangu haikuvimba. Naanza na muguu ju njo buongo mudogo.

Chumvi ilifika tarehe 16 mwezi wa tano. Magunia mbili, uzi mwekundu, S.A. Likoke njo alinipa mukononi. Njo yeye tena amekuletea hii barua. Mutazame vizuri, ni muntu moja ya haki kati yetu bote, na kwa ajili yangu bamemuita mwizi. Yale magunia niliyaweka chini ya kitanda. Nililala juu yao siku makumi mbili na tatu. Pofu zilikuwa zinasikia harufu. Madame alikuwa anakuya ku dirisha yangu kila asubuhi, anatoa ulimi. Nilimufukuza.

Unataka kujua sababu, weye wa kuandika. Sikutaka ziende. Nilisema: bila chumvi, siku hazianze, siku zisipoanza, train itapita, vita itapita, weye utapita. Nilijiona sungura. Nilicheka peke yangu juu ya kitanda na mugongo inauma na mawe ya chumvi. Wakati nilisikia klaxon njo nilivuta magunia, na ilikuwa imechelewa, nikamutupia André moja mu wagon. Chumvi ya kuomba musamaha. Sasa mumeifanya sumu.

Weka ile gunia mbele ya basoda bako. Nitailamba mpaka ulimi ipasuke. Ama lamba weye. Saumu hajue kintu. André hajue kintu. Alipokea gunia ju shemeji yake alimutupia. Kama munatafuta adui, adui iko mu Kamina, iko na meno ine, anakungojea.

Bon. Buongo yangu imekwisha. Tuende ku yako.

Uliandika na mukono yako mwenyewe, mbele yangu, «pofu haikimbizwe». Nilikuona. Uliuliza hata namna ya kuandika «mukojo». Halafu ukaingiza jeep mbili saa sita ya muchana, na trompette. Ulijua! Colonel hakujua, basoda habakujua, bamama ba vigelegele habakujua. Tulijua babili tu, minyi na weye. Minyi nilificha chumvi, weye ulificha karatasi. Na ile karatasi ingine, «kupakia kulifanyika kwa utulivu», njo ilipiga André usoni.

Nakutumia karatasi mbili. Ya kwanza inasema: Minyi Kitwa niliandika chumvi haijafika, na ilikuwa chini ya kitanda yangu. Nimeweka jina, nimeweka na kidole, ju muntu wa mwaka wa tatu banaweza kusema hajue kuandika. Ya pili inasema: Minyi Malachie niliandika utulivu, na ilikuwa jeep na fanfare. Fasi ya jina iko wazi.

Nifunge na ile ya kwanza, sitakimbia, ingawa unajua sasa kama muguu iko nzima. Mais huwezi kumupeleka André Likasi mpaka umekula ile ya pili. Kula basi. Utaona kama iko na chumvi.

Kitwa


Luena, 20 Juni 1999

Mzee Kitwa,

Gunia lililetwa. Nililamba mbele ya sergent, kisha sergent akalamba. Mchinjaji Ismaeli ameeleza kuhusu nyama, na mwindaji mmoja wa hapa amesema maneno yale yale uliyoniambia mwezi wa tano.

Nimeandika ripoti mpya. Wanyama walikufa kwa kukimbizwa wakati wa joto. Kwa amri ya nani, sikuandika. Kwa mkono wa nani, niliandika: wangu. Karatasi yako ya pili nimeirudisha ikiwa na jina. Ya kwanza inabaki mfukoni mwangu.

André ametoka leo. Duka la Mama Saumu limefunguliwa.

Amri ya safari haijafutwa. Wanyama watatu waliobaki watakwenda Lubumbashi. Wewe ndiye utakayewapakia, hapa Luena, kwa njia yako, na siku zako ishirini na moja. Nimezipata, usiniulize kwa gharama gani. Njoo na gunia lile jingine. Baada ya kupakia utaniandikia ripoti.

Mguu wako niliuamini, Mzee. Nilimwomba hata mganga dawa yako.

Malachie


Luena, 21 Juni 1999

Baba Kitwa,

André yuko kwangu. Mgongo wake umeungua na chuma cha wagon. Amesema neno moja tu kuhusu wewe na siwezi kuliandika. Nimefungua duka leo tu, sitaki lifungwe tena.

Ukifika, usije kwanza kwangu. Nenda kwa Likoke, nyumbani, mke wake akiwepo. Sema pale ulichokifanya. Mimi nilikwenda jana, nikapiga magoti, akaniambia: wewe ulidanganywa, namngoja aliyedanganya.

Sijakusamehe. Maji ya Madame nimebadilisha asubuhi.

Saumu


Luena, tarehe 16 mwezi wa saba 1999

Kwa sous-lieutenant Malachie, base ya Kamina

Mon lieutenant,

Uliomba ripoti. Sijaandikaka ripoti, mais nimesoma yako, kwa hiyo najua namna haipaswe kuandikwa.

Nilifika tarehe 24 ya mwezi wa sita. Nilikwenda kwa Likoke. Nilisema yote, muke wake akiwa anapepeta muchele. Likoke alinisikiliza mpaka mwisho. Muke akanipa sahani nikule, akanitazama mpaka nimalize, hakusema hata karibu. Sijakulaka chakula chungu kama kile, na kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Fundi moja wa gare alipigilia masanduku tatu. Niliyaweka mu lupango ya Ismaeli kando ya gare, mulango wazi. Siku ya kwanza hakuna alinusa. Ju ya ile wagon, zilikuwa zinaogopa hata harufu ya mbao. Siku ya ine Madame alisimama mbali, anatazama. Siku ya nane aliingiza kichwa, mbwa akabweka, akatoka, siku tatu hakurudia. Nilikaa chini kando ya sanduku kama mulinzi wa kaburi. André hakunisemesha wiki mbili. Alikuwa analeta mayi, anamimina, anaenda. Siku ya kumi na tano njo alisema: «Shemeji, ingia weye kwanza, nifunge.» Nikajua anaanza kupona.

Siku makumi mbili na moja ilikuwa jana. Train ilifika asubuhi, kungali baridi. Likoke alikwenda kumuambia muntu wa locomotive asipige honi. Saumu alipita mu gare na mikono juu, kama polisi, na gare nzima ikanyamaza. Bamama banauzaka chikwanga, mikate ya muhogo, balifunga batoto binywa. Basoda bako bane balitoa viatu. Hakuna hata moja alicheka. Nimeona kanisa mingi, mon lieutenant, sijaonaka kimya kama kile. Na pale hasira ilinipanda. Kumbe inawezekana! Kumbe haikuombe jeep wala petroli wala amri ya Lubumbashi. Ilikuwa inaomba siku na gunia moja. Siku ulikuwa nazo weye, gunia nilikuwa nayo minyi.

Zile mbili ndogo ziliingia zenyewe. Madame aliingia nyuma. Tak, tak, tak, tak, magoti yake, nilihesabu ine. Akageuza kichwa akanitazama, ulimi inje, vile alikuwa ananitazama ku dirisha. Nilikuwa na jiwe moja ya chumvi mu mukono. Sikumufukuza. Alilamba mpaka ikaisha, akalamba na mukono.

Ningependa kukuambia aligoma. Ningependa aniume. Hapana. Alilala chini kama iko kwake.

Mulango nilifunga minyi. Basoda na bantu ba gare balisukuma masanduku polepole juu ya magogo mpaka mu wagon. André amepanda nazo. Train iliondoka bila honi, nilibakia na Saumu pa quai ya gare.

Zilizopakiwa: tatu. Zilizokimbizwa: hakuna. Zilizokuwa Kamina: pofu tisa, na gunia mbili za chumvi, tangu tarehe 16 ya mwezi wa tano. Andika hivyo, piga mustari chini.

Kitwa